Mgonjwa anayeuguza: kisa cha Da Mkubwa na barua ya Universal Credit

Barua ilikaa siku 19 katika droo ya jikoni, chini ya karatasi za dawa za mwanawe. Da Mkubwa aliifungua siku ile ile ilipofika, akaiona tarehe iliyoandikwa kwa wino mzito, akaikunja na kuirudisha ndani ya bahasha. Jumamosi moja ya Juni 2025, watoto walipokwisha kutoka madrasa, alinikuta napanga viti akaiweka mezani. Mkono wake ukabaki juu yake. "Mdogo wangu, nisomee," alisema. "Ila usinisomee mbio."

Da Mkubwa ndivyo tunavyomwita wengi wetu hapa Leicester. Ameniruhusu niandike kisa chake kwa sharti kwamba asitambulike, kwa hiyo mambo mawili matatu yasiyogusa hesabu nimeyageuza. Nilimwomba ruhusa hiyo kwa sababu, kwa miaka yote ninayokaa na watu na makaratasi yao, hakuna swali linalonirudia kama lake: mtu ambaye mwenyewe anaumwa, na papo hapo ndiye anayeuguza, anahesabiwa upande gani?

Ni mzaliwa wa Tanga, raia wa Uingereza kwa miaka mingi sasa. Baridi yabisi imemla viungo vya mikono na magoti. Asubuhi hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya maziwa mpaka saa nne. Mwanawe ana miaka 22. Ana kifafa, na tangu utotoni kuelewa mambo kwake ni kazi nzito. Hawezi kuachwa peke yake bafuni. Usiku mama hulala mlango wazi, na aliniambia anaijua sauti ya kitanda kabla ya sauti ya mtoto: chaga zikianza kugonga ukuta, ameshaamka, anajishika ukuta kwenda chumba cha pili.

Kabla ya barua, riziki yao ilipita katika mifereji mitatu. Wa kwanza ni ESA, posho ya wasioweza kufanya kazi kwa ugonjwa, ile inayopimwa kwa kipato, na yeye alikuwa katika kundi la wale ambao ugonjwa wao umekubaliwa kuwa hawatakiwi kutafuta kazi. Wa pili ni Carer's Allowance, posho ya mtu anayemhudumia mgonjwa saa 35 au zaidi kwa wiki, ambayo mwaka huo ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki. Wa tatu ni Housing Benefit, msaada wa kodi ya nyumba, iliyokwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, naye ni halmashauri, hata yeye hakuwahi kuishika mkononi. Juu ya hayo ana PIP, posho ya ulemavu, upande wa kutembea, mwaka huo pauni 29.20 kwa wiki, ambayo haiguswi na mabadiliko haya wala haihesabiwi kuwa kipato.

Barua yenyewe juu imeandikwa Migration Notice, yaani notisi ya kuhama. Tangu sheria ya 2012, serikali ya Uingereza ilikuwa ikifunga benefiti, yaani posho za serikali, sita za zamani za watu ambao hawajafikia umri wa pensheni na kuziingiza zote katika moja, Universal Credit. Walioachwa mwisho kabisa ni watu wa ESA, yaani wagonjwa. Jambo ambalo wengi hawalikamati wanaposoma barua hii ni kwamba hakuna atakayekuhamisha. Unaambiwa uombe mwenyewe, upya, kana kwamba hawajakuona tangu uzaliwe, na unapewa angalau miezi mitatu kuanzia tarehe ya barua. Usipoomba, ya zamani inakatwa. Ukiomba ndani ya siku hizo, au ukichelewa lakini hujapita mwezi mmoja baada ya tarehe ya mwisho, unalindwa usishuke chini ya ulichokuwa unapata siku ya kuhama. Ukipita hapo, unaanza kama mgeni.

Sasa hesabu. Ninaomba msomaji avumilie, kwa sababu kisa chote kimo humu.

Katika ESA, mwaka 2025/26, stahili yake kwa wiki ilipangwa hivi: pauni 92.05 za msingi, 48.50 za kundi la wagonjwa, 21.20 za nyongeza ya ulemavu, na 46.40 kwa kuwa anamuuguza mwanawe. Jumla 208.15. Katika hiyo, 83.30 ilikuja kama Carer's Allowance na iliyobaki, 124.85, kama ESA yenyewe. Kwa mwezi, jumla ilikuwa kama pauni 902 ukiacha kodi ya nyumba. Angalieni mistari hiyo minne: miwili ya katikati inasema "huyu anaumwa", wa mwisho unasema "huyu anauguza", na yote imo kwenye karatasi moja bila kugombana.

Universal Credit haifanyi hivyo. Mwaka huo huo wa 2025/26 ilimpa mtu mmoja mwenye miaka 25 na zaidi pauni 400.14 za msingi kwa mwezi. Kama ugonjwa wake umekubaliwa kwa daraja la juu, aliongezewa 423.27; kwenye taarifa ya malipo mstari huo huandikwa kwa herufi LCWRA, nami nitauita fungu la ugonjwa. Kama anamhudumia mtu saa 35, kulikuwa na fungu la matunzo, 201.68. Lakini mtu mmoja hapewi yote mawili. Akistahili fungu la ugonjwa na fungu la matunzo kwa wakati mmoja, hubaki lile la ugonjwa na la matunzo linaondoka. Wangekuwa mume na mke, mmoja anaumwa na mwingine anauguza, nyumba ingepata yote mawili. Mwanamke peke yake anayeumwa na kuuguza anapata moja. Nimeisoma kanuni hiyo mara nyingi nikitafuta sababu ya haki ndani yake, na sijaiona. Yule anayejishika ukuta usiku kumwendea mwanawe anafanya kazi ngumu kuliko mimi mwenye magoti mazima, na ndiye ambaye kazi yake haiandikwi.

Kwa hiyo 400.14 na 423.27 ni 823.41. Kutoka 902 kwenda 823. Carer's Allowance aliendelea kuipata, ila Universal Credit hukata pauni kwa pauni kile kinachoingia kutoka huko, basi haibadilishi jumla. Pengo ni pauni 78.58 kwa mwezi, zaidi ya 940 kwa mwaka. Kwake hiyo ni umeme na gesi ya miezi ya baridi, kwa nyumba ambayo mashine ya kufua huzunguka kila siku kwa sababu ya mashuka ya usiku.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na ulinzi niliousema, fungu la mpito. Huhesabiwa mara moja tu, kwa kulinganisha ulichokuwa nacho siku ya kuhama na ambacho Universal Credit ingekupa, na tofauti huongezwa kama mstari wake. Anapewa aliyehama kwa barua. Aliyehama mwenyewe kabla ya barua, kwa kushauriwa na jirani au kwa sababu maisha yamebadilika, kwa kawaida hapewi.

Hapa inabidi nirudi nyuma mwaka mmoja, maana nina sehemu yangu katika jambo hili.

Machi 2024 Da Mkubwa alipata nafasi ya kubadilishana nyumba na mtu wa Coventry. Anakaa ghorofa ya pili isiyo na lifti. Ile ya Coventry ilikuwa chini, bafu lake la kuoga kwa kukaa, na mpwa wake anaishi mtaa wa pili. Alinijia na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Nami nikamwambia asubiri. Kuhama kutoka halmashauri moja kwenda nyingine kungefunga Housing Benefit ya Leicester, na Coventry asingeweza kuomba mpya ila kwa kuingia Universal Credit, kabla ya barua, bila ulinzi. Niliyakumbuka ya wanaume wawili wenye ulemavu mkubwa, wanaojulikana mahakamani kwa herufi TP na AR, waliohama halmashauri wakajikuta wamepungukiwa kama pauni 178 kwa mwezi, na Juni 2018 Mahakama Kuu ya London ikasema wamebaguliwa. Kesi yao iliwaletea nafuu wenye nyongeza ya ulemavu mkubwa. Da Mkubwa hakuwa na nyongeza hiyo. Yeye alikuwa na ya kuuguza, na ya kuuguza hakuna aliyeiwekea mlango.

Akasubiri. Miezi 15, ngazi 31 kila siku, amezihesabu yeye. Mtu wa Coventry akampata mwingine wa kubadilishana naye. Nitaurudia ushauri wangu huu mbele, kwa sababu sina hakika nao tena.

Ombi lenyewe tulilijaza Agosti, mezani kwake jikoni, kwenye simu yake. Alitanguliza dua kwanza: "Bismillahi, tuanze." Kijana alikaa pembeni na kikombe chake cha plastiki, akirudia kila namba niliyoisema. Jina, anwani, benki, kodi. Tukafika kwenye swali linalouliza kama kuna mtu mwenye ugonjwa au ulemavu ambaye yeye anamhudumia. Nikamfasiria. Akasema, "Hapana." Kidole chake kilikuwa tayari kinashuka kwenye kioo nikakishika.

"Da Mkubwa, na huyu?"

"Huyu mwanangu. Simhudumii, namlea. Nihudumie mtoto wangu kama mgeni?"

Si ujinga, wala si kutojua Kiingereza. Ni lugha yetu. Mhudumu ni wa hotelini na wa zahanati; anayekaa na mgonjwa wake anauguza, na kuuguza wa nyumbani kwako hakuna anayesema ni kazi. Nilijaribu "unamtunza", akatikisa kichwa. Mwishoni niliuliza tofauti: jana usiku uliamka mara ngapi? Mara tatu. Nani alimpa dawa, nani alimwogesha, nani alikaa mlangoni akioga? Tukaandika saa pembeni mwa gazeti la matangazo ya maduka, siku baada ya siku, na kabla hatujafika Ijumaa zilikuwa zimepita 35. Akaitazama ile karatasi kwa muda. Kisha akabonyeza "ndiyo" mwenyewe.

Atakayesoma ataniuliza: kama fungu la matunzo halitolewi, "ndiyo" hiyo ina faida gani? Ipo. Fungu la ugonjwa linaweza kupitiwa upya, na mtu akaambiwa amepata nafuu. Siku hiyo, kama uuguzaji umeandikwa tangu mwanzo, fungu la matunzo lina mahali pa kuingilia, na hatatakiwa kutafuta kazi kwa kuwa ana mtu wa saa 35. Kama haukuandikwa, atabaki na fungu la msingi na miadi ya kazi huku mwanawe yuko bafuni peke yake. Vivyo hivyo swali la ugonjwa: mtu wa kundi lile la ESA hapimwi upya kwa sababu ya kuhama tu, wala haleti cheti kipya cha daktari, na fungu la ugonjwa huanza siku ya kwanza bila kungoja miezi mitatu. Lakini lazima aseme kwenye ombi kwamba anaumwa na kwamba alikuwa ESA.

Kilichotuchelewesha kuliko vyote kilikuwa swali la akiba. Da Mkubwa ni kijumbe wa mchezo. Wanawake 12, pauni 200 kila mmoja kwa mwezi, na fedha hupita katika akaunti yake siku mbili tatu kabla ya kumfikia mwenye zamu. Siku ile akaunti ilionyesha pauni 7,300, na zake mwenyewe, alizoziweka kwa ajili ya safari ya Hija, zilikuwa 4,900. Universal Credit haigusi akiba mpaka pauni 6,000. Kutoka hapo hadi 16,000 huhesabu pauni 4.35 za kipato kwa kila 250 au sehemu yake, na kupita 16,000 hupati kitu. Angeandika 7,300, zingemtoka pauni 26.10 kila mwezi kwa fedha za wenzake. Mwingine alikuwa amemshauri aandike 4,900 na kunyamaza. Hilo nililikataa, kwa sababu benki haisahau na siku ukiulizwa miaka miwili baadaye utakuwa mwongo kwa jambo ambalo ulikuwa na haki nalo.

Tukaandika ukweli wote: zangu hizi, za mchezo hizi, si zangu. Akaniletea daftari. Daftari la shule la jalada la bluu, majina 12 kwa mwandiko wake uliolala kwa sababu ya vidole, tarehe, na alama ya vyema mbele ya kila aliyepokea tangu Januari. Tulipiga picha kurasa zote tukaziweka pamoja na ujumbe wa simu wa kundi lao. Zilipotakiwa, ndizo zilizokubaliwa. Baada ya hapo ukijumbe ulihamia kwa mwenzake asiye na benefiti. Aliuacha kwa uchungu, maana amekuwa kijumbe miaka tisa na hajawahi kukosa senti ya mtu.

Malipo ya kwanza huchukua kama wiki tano. Kipindi hicho ndicho kinachowatia watu kwenye deni: unapewa nafasi ya kuchukua mkopo wa mwanzo, na hukatwa polepole hadi miezi 24. Wengi hawaambiwi kwa sauti kwamba anayetoka ESA na Housing Benefit huendelea kulipwa wiki mbili zaidi bila kudaiwa. Da Mkubwa alipata 249.70 za wiki mbili za ESA, kodi ya wiki mbili, Carer's Allowance yake ya kawaida na PIP. Tulikaa tukagawa kwa wiki tano, mchele na unga kwanza, na hakukopa. Pia alipeleka ombi la punguzo la kodi ya halmashauri, kwa kuwa hilo halimo ndani ya Universal Credit na aliyelisahau hulipishwa.

Oktoba akaniita kwa simu. "Mdogo wangu, wamenitia pauni mia tisa sitini na tano. Wamekosea?" Hawakukosea. 400.14, 423.27, fungu la mpito 78.58, kodi ya nyumba 424.67, toa 360.97 za Carer's Allowance. Mstari wa mpito ulikuwapo. Nilimsomea mara mbili.

Lakini kodi sasa iko mikononi mwake. Kodi yake ni pauni 98 kila Jumatatu, na Universal Credit huigawa mwaka mzima kwa miezi 12, hivyo mwezi wenye Jumatatu tano hupungukiwa kama pauni 65. Mtu aliyezoea kulipwa kila wiki mbili kwa miaka mingi anaweza kuomba kodi ipelekwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Yeye alikataa. Anasema akiilipa mwenyewe anajua imelipwa.

Sasa narudi Coventry. Novemba imetokea nyumba nyingine ya kubadilishana huko, ya chini, bafu zuri, mtaa wa mpwa wake. Kodi yake imezidi ya sasa kwa pauni 20 kwa wiki. Nami nikalazimika kumweleza lile ambalo mwaka 2024 sikulitilia uzito. Fungu la mpito halikui. Karibu kila fungu jingine likiongezeka, lenyewe hupungua kwa kiasi hicho hicho, iwe ni viwango vinavyopandishwa kila Aprili au kodi ya nyumba mpya. Pauni 20 kwa wiki ni 86.67 kwa mwezi. Litaliwa lote, na yeye atabaki na zile 823 nilizotaka aziepuke. Akiolewa pia litaondoka, mara moja.

Basi miezi 15 ya ngazi 31 ilinunua nini? Ilinunua pauni 78.58 kwa mwezi, mradi akae juu. Nilipomwambia asubiri nilihesabu fedha, na magoti sikuyahesabu. Ningeshauri vilevile leo? Kwa mtu mwenye nyumba inayomfaa, ndiyo, bila kusita: usiombe kabla ya barua. Kwa Da Mkubwa, ningemwekea hesabu zote mbili mezani na kunyamaza.

Safari hii nimefanya hivyo. Upande mmoja nimeandika 902, upande wa pili 823. Chini ya 823 yeye ameongeza kwa mwandiko wake uliolala: bafu, mpwa, hakuna ngazi. Mwanawe alisoma namba zote mbili kwa sauti, akachagua 823 kwa sababu, alisema, ina nane. Mama yake alicheka, akaikunja karatasi na kuitia kwenye droo, juu ya zile za dawa. Ameniambia atanijibu baada ya Ijumaa.